Amplifaya ndogo inayonguruma: ninunue au niache?

Swali la msomaji kutoka Morogoro: "Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kanisani. Kuna jamaa anauza amplifaya ndogo ya gitaa ya mtumba kutoka Marekani, wati 15, spika ya inchi 8. Anataka laki moja na nusu. Nilipoijaribu ilikuwa inanguruma hata nisipopiga, ukizungusha volyumu inakwaruza, na sauti ilikatika mara mbili. Akaipiga kibao, ikarudi. Anasema ni vumbi tu. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz, anaitumia na kiboksi cha kushushia umeme. Ninunue? Na itatosha kanisani pamoja na dramu?"

Marahaba, mwanangu. Najua muuzaji anakusubiri, kwa hiyo jibu la haraka ni hili: usimpe hela bado, lakini usiikimbie pia. Kunguruma, kukwaruza na kukatika ni maradhi ya kawaida ya amplifaya iliyozeeka, na mengi yake hutibika kwa gharama ndogo. Kinachonitia wasiwasi ni kile ulichokitaja mwishoni kama jambo dogo, ile 120V na kiboksi chake. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo amplifaya za mtumba hufia.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wa Japani ni volti 100. Ndiyo maana amplifaya mbili za Fender, Peavey au Roland, za modeli moja, zimekaa rafu moja kwa muuza mitumba, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: iliyotengenezwa kuuzwa Uingereza unaichomeka moja kwa moja, na hiyo nyingine ukiichomeka unaiua. Soma maandishi ya nyuma kwa macho yako. Usiamini umbo la plagi, kwa sababu plagi hukatwa na kubadilishwa hapa hapa mjini.

Ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230, transfoma yake nayo hutoa karibu mara mbili ya volti iliyokusudiwa. Kapasita kubwa za ndani (vikopo vya kuhifadhi umeme), zilizoandikwa volti 25 au 35, zinazidiwa na kuvimba. Aisi ya kutolea sauti (IC, kidude cheusi chenye miguu kinachokuza sauti) inapasuka. Transfoma yenyewe inapata joto hadi vanishi ya kwenye nyaya zake inaungua. Fyuzi ikiwahi kukatika, amplifaya imeokoka. Isipowahi, wakati mwingine chombo hubaki kinalia, ila kinalia kikiwa kimeumia, na wewe ndiye utakayekizika.

Kwa hiyo muulize muuzaji, kwa upole tu kama mtu anayeuliza habari za safari: imewahi kuchomekwa bila kiboksi? Watu wengi wakiulizwa bila kubanwa husema kweli. Kisha inama, weka pua kwenye uwazi wa nyuma, uvute pumzi. Transfoma iliyoungua ina harufu yake, kali, inayokwaruza koo, na haitoki upesi hata chombo kikikaa mwaka mzima kabatini. Ukiipata harufu hiyo, mshukuru mwenye mali uende zako. Transfoma ya kufanana nayo ni ngumu kuipata, na kuisuka upya si kazi utakayoilipia kwa furaha kwenye amplifaya ya wati 15.

Kiboksi nacho kikague. Kuna vya aina mbili sokoni. Kimoja ni kizito mkononi, kwa sababu ndani kuna chuma na shaba. Hicho ni transfoma ya kweli. Kingine ni chepesi, cha kielektroniki, kilichotengenezwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele. Hicho chepesi hukatakata wimbi la umeme, na amplifaya hujibu mkato huo kwa mlio mkali kama wa nyuki. Huenda sehemu ya kelele uliyosikia inatoka humo tu. Amplifaya kama hiyo hula wati 30 hadi 50 hivi, basi kiboksi kizito cha VA 100 (VA ni kipimo cha uwezo wake, karibu sawa na wati) kinaitosha na nafasi inabaki. Jambo moja zaidi: kiboksi kinashusha volti, hezi hakizigusi. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 ikifanya kazi kwa 50 hupata joto zaidi kidogo. Iache iwake saa nzima, kisha gusa bati la nje lililo karibu nayo. Likiwa la moto lakini unaweza kuacha kiganja, sawa. Ukilazimika kuondoa mkono, si sawa.

Sasa ethi, na hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii. Plagi ya Kimarekani ya amplifaya ina miguu mitatu, na ule wa tatu, wa duara, ni wa waya unaokwenda ardhini. Viboksi vingi vina matundu mawili tu, kwa hiyo mtu huukata mguu wa tatu ili plagi iingie. Amplifaya inaendelea kulia, na hakuna anayeona tofauti. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nasimamia vyombo kwenye harusi. Mpiga ridhimu alisogea kuimba kiitikio, midomo yake ikagusa wavu wa maiki, nikaona cheche ya buluu, na kichwa chake kikarudi nyuma kama aliyezabwa kofi. Mdomo wa chini ulibaki na alama nyeupe usiku kucha. Tulipoigeuza amplifaya yake tukakuta mguu wa ethi umekatwa kwa koleo. Nyaya za gitaa zimeungana na bati la amplifaya kupitia kebo. Maiki imeungana na mikisa yenye ethi. Ukishika kimoja na kugusa kingine, mwili wako ndio unakuwa njia. Yule bwana alipona. Wapo ambao hawakupona.

Basi nenda na mita ya kupimia umeme. Chombo kikiwa kimechomolewa, pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya mguu wa ethi na bati la amplifaya: isome chini ya omu moja. Mguu ukiwa umekatwa, hesabu gharama ya waya mpya wa nyuzi tatu na kiboksi chenye soketi ya ethi, na usipige hata wimbo mmoja kabla ya kubadilisha. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ndani. Aghalabu utakuta ya ampia 13, ambayo itaacha amplifaya iteketee kabla haijakatika. Weka ya 3. Na siku ya kwanza kanisani, weka mita kwenye volti za AC (umeme kama wa ukutani), ncha moja kwenye nyaya za gitaa na nyingine kwenye wavu wa maiki. Isome karibu na sifuri. Ukiona makumi ya volti, zima.

Tuje kwenye mngurumo. Chomoa kebo ya gitaa kabisa, teremsha volyumu hadi sifuri, usikilize. Amplifaya nyingi, jeki (tundu la kuchomekea gitaa) ikiwa tupu, hujifunga yenyewe isipokee kitu. Kama mngurumo umekoma, amplifaya yako haina hatia kubwa: kelele ilikuwa inatoka kwenye kebo, kwenye gitaa, au kwenye hatua ya kwanza ya ndani. Pikapu (visikio vya sumaku chini ya nyaya za gitaa) za koili moja hunasa kelele za taa za LED na chaja za simu, na utaijua kelele hiyo kwa kuwa hubadilika ukigeuza mwili wako huku na huku. Nenda na kebo yako unayoiamini. Nimeona watu wakipasua amplifaya nzima kumbe ugonjwa uko kwenye kebo ya bei rahisi.

Kama mngurumo haukomi hata volyumu ikiwa sifuri, kuna kipimo ambacho hakihitaji mita, kinahitaji sikio, na wewe mpiga solo unalo. Tyuni gitaa lako vizuri. Bila kulichomeka, bana freti ya tatu ya waya nene, yaani G, upige na kuisikiliza pamoja na mngurumo. Noti hiyo ni hezi 98. Umeme wetu wa hezi 50 ukishanyooshwa ndani ya amplifaya, mabaki yake huvuma kwa hezi 100. Kwa hiyo mngurumo ukikaa karibu sawasawa na G hiyo, juu yake kwa unywele, ujue ni kapasita kubwa za kuchuja umeme zimechoka. Ukiwa chini kwa oktava nzima, huo ni hezi 50 yenyewe, na unatafuta ethi mbovu au waya wa umeme uliopita karibu mno na nyaya za sauti. Kapasita za kuchuja ni mbili au zaidi, kwa kawaida kati ya mikrofaradi 1000 na 4700, ni za bei ndogo, na fundi yeyote wa redio anazibadilisha. Azibadilishe kwa volti ile ile au ya juu zaidi, kamwe si ya chini, na aangalie upande wa hasi na chanya.

Kukwaruza kwa volyumu nako muuzaji amesema kweli kwa kiasi: mara nyingi ni vumbi na kutu nyepesi ndani ya kitufe. Dawa ya kusafishia kontakti, puliza kwenye upenyo wa volyumu chombo kikiwa kimezimwa, zungusha mara thelathini kutoka mwanzo hadi mwisho, acha ikauke. Mafuta ya taa usitumie, hata kama umemwona fundi wa jirani akifanya hivyo. Huharibu plastiki na kuacha utando unaokamata vumbi zaidi. Ikiwa baada ya kusafisha inakwaruza vile vile, kuna kapasita ndogo kabla ya volyumu inayopitisha volti za DC (umeme kama wa betri). Hilo ni la fundi, na si ghali.

Kukatika ndiko kunakonifurahisha. Naam, kunakonifurahisha, kwa sababu jamaa aliipiga kibao ikarudi. Aisi iliyokufa hairudi kwa kibao, wala transfoma. Kinachorudi kwa kibao ni kitu kilicholegea, na kilicholegea kinakazwa. Watuhumiwa ni wawili, na unaweza kuwahoji wote palepale kwa muuzaji.

Wa kwanza ni jeki ya kuchomeka gitaa. Kwenye amplifaya ndogo nyingi jeki hiyo imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo kila mtu anapokanyaga kebo, nguvu yote inakwenda kwenye miguu myembamba ya jeki. Chomeka gitaa, acha waya mmoja ulie, kisha tikisa plagi taratibu juu na chini, kushoto na kulia. Sauti ikienda na kurudi, umempata. Siku utakapoifungua, umulike na tochi upande wa risasi ya kuchomelea: kuzunguka mguu wa jeki utaona duara jembamba jeusi, kama ufa kwenye udongo uliokauka kuzunguka mti wa uzio. Risasi imeachana na mguu, inaugusa tu pale inapojisikia. Usiongeze risasi juu ya ile ya zamani. Nyonya yote ya zamani, kwangua mguu ung'ae, weka mpya, na ikipoa iwe inang'aa na imekumbatia mguu pande zote.

Wa pili watu wengi hawamjui. Ni jeki ya hedifoni. Ndani yake kuna ulimi wa chuma unaokata spika pale hedifoni zinapoingia. Jeki ambayo haijatumika miaka kumi, ulimi ule huota kutu, na spika inakatwa ingawa hakuna hedifoni. Chukua plagi ya hedifoni, chomeka na kuchomoa mara ishirini. Nimerudisha uhai wa amplifaya kwa njia hiyo bila kugusa bisibisi, mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Kama amplifaya yako ina matundu ya kuunganishia vyombo vya kubadilisha sauti (efekti), fanya vivyo hivyo huko.

Spika sasa. Hiyo ndiyo nusu ya thamani ya chombo. Muulize walikuwa wanapigia nini. Akisema besi, kuwa macho: spika ya inchi 8 ya gitaa ikisukumwa na besi, koili, yaani waya uliosokotwa katikati ya spika, hutoka nje ya njia yake na kuanza kusugua. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni (ile karatasi ya spika inayotikisika), sukuma polepole na kwa usawa, sikio likiwa karibu. Inatakiwa iende kimya kama pumzi. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, koili inasugua, na hakuna dawa ya bei nafuu. Koni iliyochanika kidogo si msiba. Gundi nyeupe na kipande cha karatasi laini hufanya kazi miaka. Chomoa waya mmoja wa spika na upime omu: ya omu 8 husoma 6 hadi 7 hivi, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Ikisoma haina mwisho, koili imekatika.

Washa huku ukiitazama koni. Mtikisiko mdogo, "tup", ni wa kawaida. Lakini koni ikiruka mbele au nyuma na kubaki hapo, zima mara moja. Hiyo ni DC inayomiminika kwenye spika, aisi ya kutolea sauti imekufa, na ukiiacha dakika chache itaichoma spika pia. Kwa mita, DC kwenye ncha za spika bila muziki isizidi sehemu ya kumi ya volti.

Aisi ikiwa imekufa, usikate tamaa. Amplifaya nyingi za kiasi hicho hutumia aisi moja ya miguu mitano kama TDA2030, TDA2050 au LM1875, na miguu ya zote tatu imepangwa sawa. Kariakoo zipo, na ndugu zetu wa Nairobi wanazipata Luthuli Avenue. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea: TDA2030 ya kawaida inastahimili volti 18 kila upande, TDA2050 inastahimili 25. Ukitoa TDA2050 ukaweka TDA2030 kwa kuwa "miguu ni ile ile", itakufa mbele ya macho yako. Pima kwanza volti zilizopo kwenye bodi. Na zipo za bandia nyingi, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Baada ya matengenezo yoyote, mwombe fundi aiwashe mara ya kwanza kupitia taa ya sirizi, yaani balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, iliyofungwa kwenye njia ya umeme kabla ya amplifaya. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo ni mazuri. Ikibaki imewaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea kila kitu ulichotoka kukinunua. Taa ya LED haifanyi kazi hiyo, kwa hiyo kama una balbu za zamani nyumbani, zitunze. Na haya yote ni ya amplifaya ya transista. Ukiona ndani vioo vinavyowaka rangi ya chungwa, usiifungue mwenyewe: kapasita za aina hiyo hushikilia volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomolewa, na zinaua.

Bei. Kama haina harufu, spika haisugui, koni hairuki, na jeki ndiyo iliyolegea, ningempa laki moja, kiboksi kizito kikiwa ndani ya hesabu. Kama kiboksi ni kile chepesi, toa bei ya kiboksi kipya na ya waya wa ethi kwenye hiyo laki, mwonyeshe hesabu mbele yake. Kama mngurumo ni ile G, toa pia gharama za kapasita na za fundi. Laki moja na nusu ningetoa kwa ya volti 230 isiyo na tatizo lolote.

Kuhusu kanisani, sitakudanganya. Wati 15 na inchi 8 ni amplifaya ya chumbani na ya mazoezi. Dramu ya kupigwa kwa vijiti itaifunika, na wewe utapandisha volyumu hadi iachie sauti iliyopasuka, wakati solo ya kwetu, iwe ya dansi au ya sebene, inataka noti za juu zitoke safi, zikidondoka moja moja. Usifikiri ya wati 30 ingekuwa na sauti maradufu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili sikio liseme "maradufu" unahitaji karibu wati mara kumi. Ndiyo maana Roland walipotoa JC-120 mwaka 1975 waliipa wati 120 na spika mbili za inchi 12 ili sauti ibaki safi, nayo ni ya transista kama hii yako.

Lakini ndogo hiyo itakufaa ukiitumia kwa akili. Ipandishe juu ya kiti, iinamishe kidogo ikutazame usoni, kwa kuwa noti za juu hutoka kwenye spika zikienda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na ikiwa sakafuni zinapita magotini kwako. Weka volyumu katikati, pale sauti ilipo safi. Kisha chukua maiki moja ya kwaya, isogeze hadi vidole viwili kutoka kwenye kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya kitovu chake, na umwachie mtu wa mikisa kazi ya kuifikisha sauti hadi benchi la mwisho.